Sebule ya Watu Sifuri

Mama yake Nukta anafua mashuka ya hospitali. Baba yake analinda magodoro. Ghala zima, magodoro elfu nne, usiku kucha, na haruhusiwi kulalia hata moja. Ukisikia kazi zao utadhani nyumba hiyo watu wanalala raha mustarehe. Thubutu.

Mama anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Baba anarudi saa moja. Jioni baba anatoka saa kumi na moja. Mama anarudi saa kumi na mbili. Wanapishana kwa saa moja asubuhi, na saa moja jioni. Katika saa hizo nyumba inabaki na mtu mmoja tu, Nukta mwenyewe. Ana miaka kumi na minne. Ana kidoa cheusi kidevuni, na ndiyo maana wanamwita Nukta. Hata walimu wamesahau jina lake la daftarini.

Kwa kuwa wazazi ni nadra kuonana, maneno yao yanapitia kwake.

"Mwambie baba yako gesi inaisha," mama anasema.

"Mama anasema gesi inaisha," Nukta anamwambia baba.

"Mwambie nimesikia."

"Baba anasema amesikia."

"Mwambie kusikia hakupiki ugali!"

Nukta akaona bora anyamaze. Gesi ilinunuliwa tu, siku mbili baadaye.

Baba hulala mchana. Zamani alilala chumbani. Lakini dirisha la chumbani linatazama karakana ya jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima unamwita Cheche. Ikifika saa mbili asubuhi, mashine yake ya kukatia chuma inaanza kulia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Baba alivumilia mwezi mmoja. Kisha alichukua mto wake na shuka lake, akahamia sebuleni kwenye kochi. Miaka mitatu sasa.

Kochi hilo liko mbele ya kabati. Na kabati hilo si la mchezo. Ni la mbao nzito, refu, karibu liguse dari. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyeliacha. Ndani kuna sahani za wageni kumi na mbili, vikombe, na mabakuli ya kioo. Juu yake kuna sufuria za chuma na cherehani ya zamani isiyoshona tena. Wageni wenyewe hawajaja muda mrefu. Watakuja kumsalimu nani? Mwenye nyumba mmoja amelala, mwingine hayupo.

Basi kila siku, nyumba ikiwa kimya, baba anajilaza chini ya kabati hilo, anavuta shuka hadi masikioni, anakoroma.

*

Shuleni kwa Nukta kuna kompyuta nane. Wanafunzi wanakaa wawili wawili. Nukta anakaa na msichana anayeitwa Redio, kwa sababu haizimwi.

Mwalimu wao wa kompyuta ni mama mmoja mwembamba, mpole, asiyependa maneno mengi. Programu yako ikigoma, yeye anasema neno moja tu: "Tena." Basi ndiyo jina lake. Mwalimu Tena.

Siku moja aliingia darasani, akaligonga dawati kwa ngumi. Kalamu ikaruka.

"Nani amewahi kusikia nyumba ikitikisika?"

Mikono yote ikapanda. Mji wao unatikisika mara moja moja. Vikombe vinalia kidogo, watu wanatazamana, kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake.

"Nani anaweza kuniambia tetemeko la ardhi litakuja siku gani?"

Mikono yote ikashuka. Isipokuwa wa Redio.

"Mwalimu, shangazi yangu goti likimuuma..."

"Goti la shangazi yako ni la kupeleka hospitali," alisema Mwalimu Tena. Darasa likacheka. "Hakuna anayejua siku wala saa. Wataalamu wanajua mahali ambapo ardhi hutikisika mara nyingi. Siku hawaijui. Sasa sikilizeni vizuri. Kuna maneno mawili, watu huyachanganya."

Aliandika ubaoni: TISHIO. HATARI.

"Tishio ni tetemeko lenyewe. Hatuwezi kulizuia. Hatari ni yale yanayoweza kutupata likija. Hatari tunaweza kuipunguza. Tetemeko likipiga uwanja mtupu, nani ataumia?"

"Hakuna!"

"Likipiga chumba chenye tofali legelege na kitanda chini yake?"

Watoto wakatazama kuta za darasa.

"Kwa hiyo tunatazama mambo matatu. Tishio ni kubwa kiasi gani? Vitu vilivyomo ni dhaifu kiasi gani? Na watu ni wangapi? Tunazidisha."

Kazi waliyopewa ilikuwa hiyo. Kila mwanafunzi aandike programu ya nyumba yao, chumba kwa chumba. Programu ni maagizo tu, mstari baada ya mstari, na kompyuta inayafuata kama ulivyoyaandika. Haijui kukisia. Haijui kuona haya.

Nukta aliandika hivi kuhusu sebule:

tishio = 2
udhaifu = 3
watu = 0
hatari = tishio * udhaifu * watu

Ile nyota ni alama ya kuzidisha. Tishio la mji wao lilikuwa mbili, kwa sababu ni la wastani. Mwalimu ndiye aliyewapa. Udhaifu wa sebule ulikuwa tatu, alama ya juu kabisa, kwa sababu ya kabati. Kabati refu, zito, halijafungwa popote.

Halafu kompyuta ikauliza swali ambalo Nukta mwenyewe aliliandika: "Watu wangapi hulala chumba hiki usiku?"

Usiku sebuleni halali mtu. Nukta akabonyeza sifuri.

Mbili mara tatu mara sifuri. Unajua jibu. Kompyuta ikaandika: "Sebule. Hatari: 0. Salama." Ikapaka chumba rangi ya kijani.

"Nyumba yenu ya matajiri," alisema Redio. "Mpaka sebule ina rangi ya nyasi."

Mwalimu Tena aliwatahadharisha: "Alama hizi ni za kujifunzia. Wahandisi wana hesabu ndefu kuliko hizi. Lakini zinakufundisha kuuliza."

Nukta alichapisha ramani ya nyumba yao kwenye karatasi. Aliibandika ukutani sebuleni, karibu na kochi. Alitaka baba aione akiamka.

*

Baba aliiona. Nukta aliporudi kutoka shule saa kumi, alimkuta amesimama mbele ya karatasi, shati la sare mkononi, fulana tu mwilini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hii ndiyo nini?"

"Ramani ya hatari, baba. Nimeiandika mwenyewe kwa kompyuta. Kijani ni salama, alama mbili kushuka. Njano, angalia. Nyekundu, hatari kubwa."

"Hii ni jikoni?"

"Ndiyo."

"Hiki chumba cha mama yako. Mtu mmoja. Hiki chako. Mtu mmoja." Kidole chake kikasogea. "Na hapa sebuleni?"

"Sifuri."

"Sifuri nini?"

"Watu."

Baba alitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, cheko la puani.

"Basi mimi godoro."

Nukta alicheka naye. Halafu akaona kwamba baba ameshanyamaza, na yeye anacheka peke yake.

"Si hivyo, baba. Swali linauliza nani analala usiku."

"Na mchana?"

"Mchana... sikuuliza."

"Hilo tetemeko lenyewe linakuja usiku tu? Limeajiriwa zamu moja na mimi?"

Baba akavaa shati, akafunga vifungo polepole.

"Nikiwa kazini nina daftari," alisema. "Kila saa naandika nani yumo ndani ya uzio. Saa sita usiku: mimi. Saa saba: mimi. Saa nane: mimi na paka. Saa tisa: mimi. Bosi aliniambia siku ya kwanza, usiandike anayetakiwa kuwemo. Andika aliyemo."

"Kila saa?"

"Kila saa. Ghala likiungua, zima moto hawataki kujua nani ni mwenye mali. Wanataka kujua nani yumo ndani saa hiyo."

Akachukua mkoba wake.

"Kuna wali kwenye sufuria. Mwambie mama yako chumvi imeisha."

Akatoka. Nukta alikaa kwenye kochi. Akaona mahali pamebonyea, urefu wa mtu mzima, bega huku, nyonga kule. Akalala palepale kwa mgongo, kama baba anavyolala. Akatazama juu.

Cherehani ya chuma ilikuwa juu ya uso wake kabisa.

Aliinuka haraka.

*

Kesho yake alimfuata mwalimu kabla ya kengele.

"Mwalimu, programu yangu imekosea. Imemsahau baba."

Mwalimu Tena akamsikiliza mpaka mwisho. Kochi, Cheche, zamu, paka, daftari.

"Programu haikukosea," alisema. "Ilijibu swali ulilouliza. Swali ndilo lililomsahau baba yako."

Nukta akainamisha kichwa.

"Usilie. Mimi mwenyewe nililiona swali lako, nikalipitisha. Tumesahau wote wawili. Sasa baba yako amekupa dawa. Mlinzi anafanya kazi moja ileile kila saa mpaka asubuhi, sivyo? Kompyuta nayo inaweza. Unaiagiza irudie. Tunaita kitanzi. Inazunguka: saa ya kwanza, uliza nani yumo. Saa ya pili, uliza nani yumo. Mpaka saa ishirini na nne."

"Inazunguka bila kuchoka?"

"Bila kuchoka na bila kuomba chai. Tena."

Nukta akakaa, akaandika upya. Mara ya kwanza programu iligoma. Mara ya pili ilizunguka bila kusimama, ikajaza kioo kwa neno "sebule" mpaka Redio akaomba msaada kwa sauti. Mara ya tatu ikakubali.

Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, sebule ilikuwa na mtu mmoja. Mbili mara tatu mara moja ni sita. Nyekundu. Vyumba vingine vyote saa hizo vilikuwa sifuri.

"Eh!" Redio alisema. "Baba yako amefufuka kwenye hesabu!" Kisha naye akatazama kioo chao tena. Sauti ikapungua. "Hebu ngoja. Bibi yangu anashinda jikoni kutwa. Usiku anaenda kulala kwa mjomba. Kwenye programu yangu hayumo."

Siku hiyo darasa zima lilikuwa linatafuta watu waliopotea. Mmoja alimpata dada anayeshona stoo. Mwingine alimpata babu mgonjwa kwenye chumba cha nyuma. Nyumba zilizokuwa za kijani zikageuka moja baada ya nyingine.

*

Kumwambia mama kulikuwa kazi nyingine.

Mama alirudi akiwa hoi, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Alivua viatu, akaweka miguu juu ya stuli.

"Mama, kabati lifungwe ukutani."

"Kabati gani?"

"La bibi."

"Hilo? Limesimama hapo wewe hujazaliwa. Halijawahi kumrukia mtu."

"Mama, hatujapata tetemeko kubwa tu."

"Na ukutani lifungwe vipi? Litobolewe? Mbao ya mama yangu itobolewe kama sufuria? Mwalimu wenu hana mtoto wa kumfundisha kwake?"

"Basi tuvute kochi."

"Ulivute uliweke wapi? Sebule hii ukinyoosha miguu unagusa jirani."

Hilo lilikuwa kweli. Sebule ilikuwa nyembamba. Kabati likianguka lingefika ukuta wa pili. Nukta akaona maneno hayatoshi. Akaleta karatasi mpya. Ilikuwa ndefu, na mistari ishirini na nne, mstari mmoja kwa kila saa.

"Soma wewe mwenyewe, mama."

Mama akasoma kwa kidole. Saa kumi na mbili asubuhi: Nukta. Saa moja: Nukta na baba. Saa mbili: baba. Saa tatu: baba. Saa nne: baba. Saa tano: baba. Kidole kikaendelea kushuka, polepole zaidi.

"Saa zote hizi yuko peke yake?"

"Kila siku, mama."

"Nilikuwa najua," mama alisema. "Najua analala. Sikuwahi kuwaza kwamba ni saa nyingi hivi."

Aliinuka, akaenda kwenye kochi. Hakukaa. Aliliweka sawa shuka la baba, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kamwite Cheche Jumapili," alisema. "Lakini atoboe kwa adabu."

*

Baba hupumzika Jumapili moja kwa mwezi. Ilikuwa hiyo, na mama, ambaye hata Jumapili huwa kazini mpaka jioni, aliomba ruhusa. Cheche alikuja na drili, boliti, na vipande vinne vya chuma cha pembe, vile vilivyokunjwa kama kiwiko. Alipomwona baba mlangoni, akashangaa.

"Mzee! Kumbe uko mjini? Nilidhani umesafiri."

"Nalala hapa kila mchana."

"Hapa? Mchana? Mimi najua nyumba hii mchana haina mtu!"

"Ina mtu. Anakusikiliza."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

Cheche akashika kichwa. "Miaka mitatu napiga nyundo kwenye sikio la mtu! Mbona hukuja kuniambia?"

"Ningekuja saa ngapi? Ukifungua nalala, ukifunga niko kazini."

"Na ulikuwa unaniombea mabaya?"

"Kila siku, kuanzia saa mbili kamili."

Wakacheka. Mama naye akacheka, jikoni. Baba akageuza shingo kutazama sauti hiyo imetoka wapi, kama mtu aliyesikia wimbo wa zamani.

Kwanza walishusha vitu. Cherehani ikaenda sakafuni kwenye kona. Sufuria nzito zikaingia rafu ya chini kabisa.

"Kizito chini, chepesi juu," alisema Cheche. "Kitu kikiwa kizito kichwani, kikisukumwa kidogo kinapiga magoti. Kama mlevi."

Kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ti, ti, ti. Akasogea. Tu, kama debe tupu.

"Sikia, binti. Hapa ni lipu tu, imetoka kwenye tofali. Ukifunga boliti kwenye lipu, umefunga kwenye unga. Tetemeko likija litaondoka na kabati, boliti na lipu yake. Tunatafuta tofali lenyewe, au nguzo ya zege."

Alitoboa ukuta, akaingiza boliti ndefu. Kwenye kabati alitafuta fremu ya nyuma, ile mbao nene. Hakugusa mbao nyembamba ya mgongo. Vyuma viwili juu, viwili katikati. Alipomaliza, aliling'ang'ania kabati kwa mikono miwili akalivuta kwa nguvu zote. Mama akafumba macho. Kabati halikusogea. Cheche ndiye aliyesogea.

Mchana huo Nukta alimfundisha baba mambo ya shuleni.

"Ukisikia mtikisiko, usikimbilie nje. Watu wengi wanaumizwa na vitu vinavyoanguka wakikimbia. Jishushe chini. Ingia chini ya meza. Shika mguu wa meza, meza ikitembea utembee nayo. Kama hakuna meza, kaa mbali na kioo, ufunike kichwa na shingo."

"Na nikiwa nakoroma?"

"Utaamka tu, baba. Hata wewe."

"Likiisha?"

"Vaa viatu kwanza, sakafuni kutakuwa na vioo. Funga gesi. Usiwashe kiberiti. Kisha toka, ukae mahali pa wazi, mbali na kuta na nyaya. Usirudi haraka, yanakuja mengine madogo."

Baba akasogeza meza ya chakula karibu na kochi. Akaweka viatu chini yake. Jioni Nukta alibadilisha namba kwenye programu. Udhaifu wa sebule, moja. Mbili mara moja mara moja, mbili. Kijani. Na safari hii kulikuwa na mtu ndani.

*

Zilipita wiki tatu. Siku ya Jumatano, saa nne na robo asubuhi, Nukta alikuwa kwenye somo la hesabu.

Kwanza zilikuja kelele, kama lori kubwa linapita chini ya sakafu. Kisha dawati likaanza kucheza.

"Chini!" mwalimu alipiga kelele.

Nukta akawa chini ya dawati, mikono imeshika mguu wa dawati. Ubao ulianguka. Kioo cha dirisha kikapasuka. Vumbi la dari likamwagika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Redio alikuwa kimya. Nukta alihesabu mpaka ishirini na tisa. Ndipo ardhi ikatulia.

Wakatoka kwa mstari mpaka uwanjani. Mwanafunzi mmoja alikatwa mkono na kioo, wengine walikuwa wazima. Mwalimu Tena alizunguka akiwahesabu. Nukta alimwomba simu.

Namba ya baba haikupatikana. Namba ya mama haikupatikana. Mji mzima ulikuwa unapiga simu kwa wakati mmoja.

Aliketi kwenye nyasi. Watoto mia nne walikuwa wamemzunguka, lakini yeye alikuwa sebuleni. Saa nne na robo. Mtu mmoja. Alijiuliza, Cheche aliligonga tofali vizuri? Je, baba aliamka? Na kama kabati limeanguka, nani atajua kabla ya saa kumi? Nani huwa anapita kumwangalia? Hakuna. Saa hiyo hakuna mtu yeyote duniani anayeitazama nyumba ile.

Baada ya saa nzima, walimu waliwaruhusu wa karibu waende, kwa makundi, katikati ya barabara. Redio aliishia kwenye kona ya kwao. Nukta akaenda hatua za mwisho peke yake. Ukuta wa uzio ulikuwa umelala chini. Vigae vya paa vilikuwa vimetapakaa. Mtu alikuwa anaita mbwa. Nukta alianza kukimbia.

Mtaa wao ulikuwa umetoka wote nje. Kwenye kiwanja kitupu mbele ya karakana, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwanamume mwenye fulana, shuka mabegani, viatu miguuni bila soksi.

"Baba!"

"Shule yenu imesimama?"

"Imesimama. Baba!"

Nukta alimshika mkono, akaupapasa mpaka kwenye bega, kama fundi anayekagua mbao.

"Mzima mimi," baba alisema. "Nilikuwa naota nimepanda lori. Nikafungua macho, nikaona kabati linanitazama. Linatetemeka, linataka kuja. Nikajitupa chini ya meza. Binti, meza ilitembea! Nikatembea nayo kama ulivyosema."

"Na kabati?"

"Limegoma kuanguka."

"Mimi ndiye niliyemtoa," Cheche alidakia. "Yaani, nilifika mlangoni kumtoa, nikamkuta anafunga gesi. Ameshavaa viatu. Akaniambia, acha kupiga kelele watu wanalala."

Baadaye, Cheche alizunguka nyumba kutazama kuta kwa nje, kisha akachungulia dirishani bila kuingia. Hakukuwa na ufa mkubwa. Chuma kimoja cha juu kilikuwa kimepinda kidogo. Milango ya kabati ilikuwa wazi, na sahani nane za wageni zilikuwa vipande vipande sakafuni.

"Komeo!" Cheche alijipiga kwenye paja. "Tumefunga kabati, hatukufunga milango yake. Nitaleta komeo."

Jirani wa nyumba ya pili, ambaye televisheni yake ilikuwa imelala kifudifudi, akauliza: "Hivyo vyuma vya pembe unauza?" Mwingine akauliza: "Na hiyo hesabu ya saa, huyu binti anaweza kunifanyia? Mama mkwe wangu anashinda ndani peke yake." Kabla ya alasiri Nukta alikuwa ameandika nyumba sita kwenye kiganja cha mkono wake.

Saa nane mama alitokea mwisho wa barabara. Alikuwa na aproni ya kazini, imelowa mpaka magotini. Alikuwa ametembea njia nzima. Alimwona Nukta. Alimwona baba. Akapunguza mwendo, kisha akasimama mbele yake, anahema.

"Sahani zimevunjika," baba alimwambia. "Nane."

"Sahani gani?" mama alisema. Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Hawakuruhusiwa kuingia ndani bado. Ardhi ilitikisika tena mara mbili, kidogo, na kila mara watu walishikana. Basi wakakaa nje, wote watatu, juu ya mkeka mmoja. Alasiri yote. Nukta alijaribu kukumbuka lini walikaa hivi mara ya mwisho. Hakukumbuka. Wazazi wake walikuwa na aibu kidogo, kama wageni waliokutanishwa na mtu wa tatu.

"Umekonda," mama alisema.

"Wewe una mvi," baba alisema.

"Zipo siku zote, unaziona leo?"

"Huwa nakuona kwa taa."

Saa kumi na moja kasoro robo baba alichukua shati lake la sare kutoka kwa Cheche, aliyekuwa amelitoa dirishani kwa fimbo. Akaanza kufunga vifungo.

"Unaenda?" mama aliuliza. "Hata leo?"

"Leo ndiyo zaidi. Kama ukuta wa ghala umepasuka, mwizi hapigi hodi."

"Ukifika utakaa uwanjani, usiingie ndani."

"Nitakaa uwanjani."

Akaondoka. Mama alisimama amtazame. Hakuwahi kumwona mumewe akienda kazini. Saa hiyo yeye huwa kwenye mapipa ya mashuka. Nukta naye alisimama. Huwa yuko jikoni anaosha vyombo, na mlango ukifungwa anasikia tu.

Baba alitembea katikati ya barabara, bega moja chini kidogo kuliko jingine. Hakugeuka.

"Hageuki?" mama aliuliza.

"Sijui," alisema Nukta. "Sijawahi kumtazama."

Mama akaweka mikono mdomoni, akaita kwa nguvu: "Baba Nukta!"

Mtaa mzima ukageuka. Baba alisimama. Akapapasa mifuko, kushoto, kulia.

"Nimesahau nini?"

"Hujasahau kitu! Nenda!"

Alibaki amesimama kidogo, mkono ungali mfukoni, kama mtu asiyeelewa ameambiwa nini. Kisha akaendelea. Alipofika kwenye kona akageuka mwenyewe, bila kuitwa. Walikuwa bado wamesimama pale.